Viatu Visivyoteleza: Mwajiri Asimtwishe Kibarua Gharama

Kila alfajiri, kabla jua halijachomoza baharini, barabara za Kisauni hujaa watu waendao kazini. Kutoka Mlaleo, Bakarani, Mshomoroni, Mtopanga na Kiembeni humiminika wapishi, wasafishaji, mahamali, wauza samaki, waashi na mayaya. Baadhi yao huvuka daraja la Nyali kuingia kisiwani, wengine huelekea Bamburi na Shanzu kwenye mahoteli ya ufuoni, na wengine huishia papo karibu, soko la Kongowea. Anayetaka kujua hali ya watu hawa na asiwatazame nyuso, awatazame miguu. Wengi wamevaa kandambili. Wengine wana raba za mitumba ambazo soli zake zimelika hadi zikawa laini kama kigae. Wachache wana gambuti, na wachache zaidi wana viatu vilivyotengenezwa mahsusi ili kumzuia mvaaji asiteleze.

Je, viatu vya aina hiyo vyastahili kununuliwa kwa ajili ya kazi, au ni maneno tu ya wenye maduka wanaotaka kuuza? Wapo wanaolicheka swali lenyewe. Husema kwamba mtu mzima hafundishwi kutembea, na kwamba aangukaye jikoni ameanguka kwa uzembe wake. Maoni yetu ni kinyume. Viatu hivyo vyastahili, tena sana, kwa kila afanyaye kazi penye maji, mafuta au sabuni. Lakini anayepaswa kuvinunua si yule ambaye aghalabu huambiwa avinunue, na hapo ndipo penye mzozo.

Kwanza yafaa tueleze jinsi mtu anavyoteleza, maana wengi hudhani ni bahati mbaya tu. Mtu atembeapo, kisigino ndicho hutangulia kugusa chini, nacho hugusa kwa pembe, huku uzito wa mwili ukiwa bado unahamia mguu huo. Sakafu ikiwa kavu, soli hushika. Sakafu ikiwa na maji au mafuta, utando mwembamba wa kiowevu hubaki kati ya soli na kigae, na kisigino huteleza mbele kabla mwenyewe hajatambua. Wakati huo mikono imebeba sufuria, sinia au ndoo, wala haina nafasi ya kushika chochote. Ndiyo maana maanguko ya namna hii huwa ya kinyumenyume, yakaumiza kiuno, nyonga, kifundo cha mkono au kisogo.

Kiatu kisichoteleza hufanya kazi kama gurudumu la gari wakati wa mvua. Soli yake ni ya mpira laini kiasi, na imechorwa mifereji midogo mingi yenye kingo kali ili maji yapate pa kukimbilia na mpira uifikie sakafu. Dereva yeyote wa matatu ajua kwamba gurudumu lililolika ni hatari barabara inapolowa. Ajabu ni kwamba dereva huyo huyo hushuka garini akapita kwenye kigae chenye maji akiwa na kandambili zilizolika vivyo hivyo.

Wazee wetu wa mwambao walilijua jambo hili kwa namna yao. Katika nyumba nyingi za Waswahili palikuwa na mitalawanda, viatu vya mti vyenye msuruaki wa kushikwa kwa vidole, vilivyowekwa kwa ajili ya kuingilia msalani. Hatusemi kwamba mtalawanda ulikuwa dawa ya utelezi, kwani mti uliolowa nao huteleza. Uliuinua mguu ukawa mbali na maji, basi. Hata hivyo fikira yake ilikuwa sahihi: mahali pa maji pana kiatu chake, na kiatu hicho hukaa hapo hapo kikimngoja mtumiaji.

Tuje sasa kwenye ushahidi, kwa kuwa jambo hili limepimwa. Nchini Uingereza, wafanyakazi 4,553 wa hospitali za umma waligawanywa makundi mawili kwa kura. Kundi moja likapewa viatu vilivyopata nyota 5 katika vipimo vya utelezi, na la pili likaendelea na viatu vyake vya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2021. Katika majuma 14, waliopewa viatu waliripoti kuteleza mara 2,633, na wasiopewa wakaripoti mara 4,110. Ukilinganisha makundi hayo, kuteleza kulipungua kwa asilimia 37. Hao walikuwa wauguzi, wasafishaji na wapishi, watu wa sakafu za vigae zinazopigwa deki kila siku, hali isiyotofautiana na ya zahanati zetu za Kisauni.

Kabla ya hapo, mwaka wa 2011, watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi waliowafanyia wafanyakazi 475 katika mikahawa 36 ya vyakula vya haraka. Waliovaa viatu vya kuzuia kuteleza waliteleza kwa kiwango cha chini ya nusu ya wenzao. Na mwaka wa 2019 ukatolewa utafiti mwingine wa nchi hiyo hiyo kuhusu wapishi na wagawaji chakula wapatao 17,000 wa shule. Waliopewa viatu bila malipo, madai yao ya fidia kwa ajili ya majeraha ya kuteleza yalipungua kwa asilimia 67. Ule wa mwanzo ulihesabu mara ambazo mtu aliponyoka mguu. Huu wa mwisho ulihesabu mifupa, misuli na pesa za bima.

Msomaji atauliza: hayo ni ya Ulaya na Marekani, yatuhusu nini sisi? Yanatuhusu kwa sababu mafuta ya kukaangia hayabadiliki tabia yanapovuka bahari. Kigae cha jikoni Shanzu hakina tofauti na kigae cha jikoni Chicago. Pengine huku kwetu hatari ni kubwa zaidi, maana majiko mengi husafishwa kwa kumwaga ndoo ya maji na kuyasukuma kwa ufagio, huku kazi ikiendelea. Maji baridi hayaondoi mafuta, huyatandaza. Anayepita nyuma ya ufagio hukuta sakafu inang'aa, akadhani ni safi.

Hata hivyo hatutaki kumhadaa msomaji kwamba kiatu kimoja chafaa kila kazi. Hamali wa Kongowea abebaye gunia la viazi wakati wa masika hana taabu ya vigae. Taabu yake ni tope, maganda, majani ya kabichi yaliyooza na vipande vya mawe. Kiatu cha jikoni chenye mifereji midogo kitajaa tope kwa hatua tano, nacho kitateleza kama sabuni. Hamali huyu ahitaji gambuti au buti lenye meno makubwa yaliyoachana, yatoao tope kadiri mtu anavyotembea. Kwa upande wa pili, mhudumu wa hoteli ya ufuoni hukabiliwa na mchanga mkavu unaoletwa na miguu ya wageni juu ya sakafu iliyosuguliwa. Mchanga huo huviringika chini ya soli kama gololi, na hapo ufagio una faida kuliko kiatu chochote. Muuza samaki ana magamba, utumbo na barafu iliyoyeyuka. Mwashi ana ngazi na mbao zenye vumbi la saruji. Kila mmoja na hatari yake.

Kuna kosa jingine ambalo waajiri wengi hulifanya kwa nia njema. Huwanunulia wafanyakazi buti zenye chuma kwenye vidole wakaona wamekwisha kutimiza wajibu. Chuma hicho hulinda vidole visipondwe na kitu kizito. Hakizuii utelezi. Buti la chuma lenye soli ngumu ya plastiki laweza kuteleza juu ya mafuta kuliko hata raba ya mtumba, na tena ni zito, humchosha mpishi asimamaye saa 10. Viwango vya kimataifa vya buti za kazi vina alama zake za utelezi. Katika kiwango cha mwaka wa 2011, herufi SRA zilimaanisha kwamba kiatu kimepimwa juu ya kigae chenye maji ya sabuni, SRB juu ya chuma chenye glisirini, na SRC vyote viwili. Katika toleo la 2022, kipimo cha kigae chenye sabuni kimekuwa sharti la kawaida, na herufi SR zikaongezwa kwa kiatu kilichopita pia kipimo cha kigae chenye glisirini. Anayenunua buti za kazi na azitafute herufi hizo kwenye ulimi wa kiatu au kwenye soli.

Lakini asizisadiki kupita kiasi. Kipimo cha SRB kilikubali mshiko wa 0.13 tu kwenye kisigino, ambao ni mdogo mno. Wasimamizi wa usalama kazini wa Uingereza wenyewe wameonya kwamba kiatu kuitwa kisichoteleza si hakikisho kwamba kitafaa kila mahali, ndiyo sababu wakaanzisha mpango wa kuvipa viatu nyota, moja hadi tano. Ikiwa huko kwenye maabara na sheria kali mnunuzi huonywa, sembuse hapa kwetu ambapo kiatu huuzwa kando ya barabara na muuzaji huapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba hakitelezi.

Tuzungumzie pesa, kwani hapo ndipo mambo hukwama. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha kibarua wa jumla katika miji mikubwa, Mombasa ikiwamo, kuwa Sh16,113.75 kwa mwezi. Tuseme kwa mfano kwamba jozi nzuri ya viatu yagharimu Sh4,000. Kwa kibarua huyo, hiyo ni robo ya mshahara. Ana kodi ya nyumba, ana karo, ana unga wa kununua. Ukimwambia atoe robo ya mshahara kwa ajili ya viatu atakavyovivua kila jioni langoni mwa tajiri, atakutazama kama mtu uliyerukwa na akili, wala hatumlaumu.

Sasa tumtazame tajiri. Viatu hivyo vikidumu mwaka mmoja, kwa siku 26 za kazi kila mwezi, gharama yake ni chini ya Sh13 kwa siku. Mkahawa wenye wafanyakazi 10 utatumia Sh40,000. Mfanyakazi mmoja akivunjika nyonga na kulala miezi mitatu, hata akiwa analipwa kima cha chini cha kibarua, mshahara wake wa muda huo ni Sh48,341.25, nao sheria yamtaka mwajiri aulipe. Hapo hatujataja gharama za matibabu, wala mtu wa kushika nafasi yake, wala kesi. Kwa hesabu hii, mwajiri anayekataa kununua viatu kumi anaweka rehani pesa nyingi kuliko anazookoa, na dhamana yake ni mwili wa mtu mwingine.

Tumesema sheria yamtaka alipe. Ni vyema tueleze, kwa kuwa wengi Kisauni hawajui haki zao, na baadhi ya wanaojua huogopa kuzitamka. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 101, yasema kwamba mahali ambapo wafanyakazi hukabiliwa na maji au kitu chochote chenye madhara, mwajiri atatoa na kuvitunza vifaa vya kujikinga vinavyofaa, vikiwamo viatu inapolazimu. Neno ni kutoa. Halikusema kuuza, wala kukopesha, wala kukata mshaharani. Sheria hiyo hiyo yataka sakafu, ngazi na njia za kupitia ziwe imara na zitunzwe vyema. Tena inahusu kila mahali pa kazi, awe mfanyakazi ni wa kudumu au wa muda.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Sheria ya viwanda ya wakati wa ukoloni, iliyoanza kutumika mwaka wa 1951, ilihusu viwanda. Mpishi wa hoteli na mfagiaji wa duka hawakuwamo katika fikira zake. Mwaka wa 1990 ndipo ilipopanuliwa ihusu na mahali pengine pa kazi, kisha ikaja hii ya 2007 ikaondoa shaka zote. Yaani mpishi wa leo ana kinga ambayo babu yake aliyepika katika mahoteli ya kisiwani hakuwa nayo. Inasikitisha kuona kinga hiyo ikibaki karatasini.

Pamoja na hiyo kuna Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, ya mwaka 2007 pia. Ilipingwa mahakamani kwa miaka mingi hadi Mahakama ya Juu ilipoithibitisha mnamo Desemba 2019. Kwa sheria hii, aliyeumia kazini akashindwa kufanya kazi kwa siku tatu au zaidi hustahili kulipwa sawa na mapato yake, kwa muda usiozidi miezi 12. Aliyelemaa kabisa hulipwa mapato ya miezi 96. Mwajiri hubeba gharama za matibabu zinazostahili, na hutakiwa kuwa na bima. Uzembe wa kawaida wa mfanyakazi haumwondolei haki hiyo. Lililotajwa na sheria ni utovu wa makusudi, na hata huo haumnyimi kitu ikiwa ameumia vibaya mno au amekufa. Kwa hiyo ile kauli tunayoisikia kila mara, kwamba aliyeteleza ameteleza kwa ujinga wake na ajitibu mwenyewe, haina msingi wowote.

Lakini twajua jinsi mambo yanavyokwenda. Mwajiri humwajiri mtu kwa siku, humlipa jioni, humwita tena kesho, na huendelea hivyo mwaka mzima. Mtu huyo akianguka, huambiwa kwamba yeye hakuwa mfanyakazi, alikuwa kibarua tu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, imeuziba mwanya huo kwa kusema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo siku zinazofikia mwezi mmoja atahesabiwa kuwa na mkataba wa mwezi. Ni wangapi Kisauni wanaolijua hilo? Na ni wangapi wakilijua wangethubutu kulisema mbele ya msimamizi mwenye orodha ya majina mkononi na watu 30 langoni wakisubiri nafasi?

Ndiyo maana hatuamini kwamba jambo hili laweza kuachiwa mfanyakazi mmoja mmoja. Mahali penye watu 20 au zaidi, sheria yataka pawe na kamati ya usalama na afya yenye wajumbe wa pande zote mbili. Kamati hizo ziundwe pale zisipokuwapo, na pale zilipo ziwe na ajenda nyingine zaidi ya mitungi ya zimamoto. Chama cha KUDHEIHA, kinachowasemea wafanyakazi wa mahoteli, hospitali, taasisi za elimu na wa majumbani, chapaswa kudai katika kila mkataba wa pamoja idadi ya jozi kwa mwaka, aina ya soli na tarehe ya kubadilishwa. Sare ya kumpendeza mgeni hushonwa kila msimu. Kiatu ni sehemu ya sare hiyo, hata kama mgeni hakioni.

Wajibu nao una upande wa pili. Kifungu cha 13 cha sheria ya usalama chamtaka mfanyakazi avae na atumie vifaa alivyopewa. Tumeona watu wakipewa viatu wakavipeleka nyumbani kuvivaa sikukuu, au wakaviuza, kisha wakarudi jikoni na kandambili kwa hoja kwamba kuna joto. Joto la mwambao twalijua, na ni kweli kwamba kiatu kizito kilichofungika huchosha mguu. Dawa yake ni mwajiri kuchagua kiatu chepesi na kumpa mfanyakazi nafasi ya kukijaribu kabla ya kununua jozi 50 za ukubwa mmoja. Kiatu kinachobana hakivaliwi, na kiatu kisichovaliwa hakimwokoi mtu.

Vipi kuhusu wale wasio na tajiri wa kumdai? Kisauni ni mji wa watu wanaojitafutia. Mama akaangaye samaki kando ya barabara Barsheba, kijana aoshaye magari na kinyozi afanyaye kazi kwenye sakafu ya niru yenye maji, hao ni waajiri wa nafsi zao. Kwao swali la kununua lawahusu moja kwa moja, na jibu letu halibadiliki: nunua, ikiwa kazi yako ni ya maji au mafuta, kwa kuwa mguu wako ndio mtaji. Yule mama akilala kitandani mwezi mmoja, karai lake halikaangi lenyewe, na hakuna sheria ya fidia itakayomletea unga. Vyama vya akina mama vinavyochangishana kila juma kununuliana vyombo vyaweza kuingiza viatu katika zamu zao.

Kwa mnunuzi wa namna hiyo tuna shauri machache. Kiatu chenye kisigino wazi si kiatu cha jikoni, hata soli yake ikiwa nzuri namna gani, maana mguu hutoka kabla soli haijashika. Soli ibonyezwe kwa ukucha: ikiwa ngumu kama plastiki ya ndoo, iachwe. Itazamwe mifereji, na hasa sehemu ya nyuma ya kisigino, kwa kuwa hapo ndipo kazi ilipo. Baadhi ya viatu vya wapishi vya ng'ambo huja katika mitumba, navyo huuzwa kwa bei nafuu sana kwa sababu wauzaji huviona havina umbo la kupendeza. Mnunuzi mwerevu huvipata hapo. Lakini na akigeuze kiatu chini juu kwanza, maana aliyekivaa mwanzo huenda alikitupa kwa sababu ya soli hiyo hiyo. Pakiwa na sehemu laini iliyolika upana wa sarafu, kiatu hicho kimebaki jina. Na kila jioni soli ioshwe kwa maji ya moto na brashi. Mifereji iliyojaa shahamu haina faida.

Tumesifu viatu kwa kirefu, na kuna hatari mwajiri akasoma hapa akadhani kwamba akinunua jozi kumi amemaliza. La. Mpangilio sahihi ni sakafu kwanza. Bomba livujalo lizibwe. Maji yapewe mfereji wa kuyatoa. Mafuta yafutwe kwa sabuni na maji ya moto saa ile ile yalipomwagika, na pafungwe mpaka pakauke. Vigae vilivyosuguliwa vya sebuleni visitandikwe jikoni kwa sababu fundi alivipata kwa bei rahisi. Taa zitoshe. Kiatu huja baada ya hayo yote, kumlinda mtu na kile kilichobaki. Mwenye kununua viatu ili asizibe bomba atazika pesa zake.

Hapa yatubidi tuitaje Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Chini ya Katiba ya 2010 masoko ni jukumu la kaunti. Soko la Kongowea, ambalo kabla ya uchaguzi wa 2013 lilihesabiwa katika eneobunge la Kisauni na sasa limo Nyali, hulisha mwambao wote na hutoza ushuru kila siku. Mvua ikinyesha, njia zake hugeuka tope la kumwangusha hamali, muuzaji na mnunuzi bila ubaguzi. Hakuna gambuti litakalotatua hilo. Ushuru ule ule utoe mitaro na sakafu ngumu isiyo laini, na taka ziondolewe asubuhi, zisingoje jioni. Kaunti pia ni mwajiri. Wafagiaji wake, wauguzi wake na wapishi wa hospitali zake hukanyaga maji kila siku. Ianze na hao, ili ipate uso wa kuwaambia wenye mahoteli.

Nayo Idara ya Usalama na Afya Kazini iongezewe wakaguzi, na wakaguzi hao watoke ofisini. Kila ajali kazini yapaswa kuripotiwa, ya kifo ndani ya saa 24 na nyinginezo kwa maandishi ndani ya siku saba. Anayeteleza jikoni akapelekwa hospitali kwa teksi na kuambiwa aseme ameangukia nyumbani hahesabiwi popote, na mahali alipoangukia pataendelea kuangusha wengine. Afisa akiingia katika jiko la Bamburi na asitosheke na vyeti vilivyotundikwa ukutani. Amwombe mpishi ainue mguu, aitazame soli.